Shamba la Consolée katika Mashine Tatu

Nyumba ya michezo ya Tariki, pale Kavimvira, ina mashine tatu, na zote zina mchezo uleule wa Panzi anayeruka mashimo. Wachezaji hubishana. Katika ile ya zamani Panzi ni mzito, rangi zimefifia. Katika ya pili anateleza akitua. Mpya ina muziki mzuri, ila wengine wanasema haina utamu. Tena hatua ya tatu inapita katika shamba la Consolée, mjane wa kijiji cha Katogota, na kila mashine inalionyesha kivyake.

Katika ya zamani, mstari wa miti ya miyenzi ambao baba yake aliupanda kuwa mpaka uko palepale, kando ya mfereji. Katika ya pili umesogea hadi katikati ya maharage. Katika mpya hakuna miyenzi wala maharage. Ni mpunga wa jirani yake Gédéon, toka mfereji hadi barabara.

Consolée akamleta shefu wa kijiji. Kesi ya mpaka huamuliwa kwa kuutembea kwa miguu, basi shefu akavua viatu, akashika maneti yenye vifungo vya kuchezea, akautembea katika mashine zote. Alianguka shimoni.

“Shefu, weye unafinya sana,” Tariki alisema. “Gusa tu.”

“Nyamaza, niko kwa kazi.”

Alipomaliza, miguu yake ilikuwa na tope la mfereji. Tariki akamletea maji ya kunawa.

“Miyenzi iko,” shefu alisema. “Nimeiona. Ni ya baba yako, Mama Consolée.”

“Basi shamba ni langu.”

“Lakini ile mashine ni ya zamani, mama. Sasa tunafuata mpya.”

Gédéon, aliyekuwa amesimama mlangoni, na ambaye ndiye aliyemletea Tariki ile mpya kutoka Bujumbura, alikubali kwa kichwa. Yeye na shefu wakaondoka pamoja.

Consolée akabaki mbele ya ile ya zamani. Mle ndani maharage yake yalikuwa yamekauka, yamefikia kung’olewa.

“Kifungo cha kuinama ni kipi?”

“Hakiko, mama. Huyu anakimbia na kuruka tu.”

“Basi mimi nitamsimamisha hapa.”

“Akisimama, saa inaisha. Anakufa.”

“Afie hapa.”

Panzi akafa kwenye maharage, akaanza upya, akafa tena. Waliokuwa wakingoja zamu wakachoka, wakahamia kwenye ile mpya, ambako maji ya mpunga yalikuwa yameshafunguliwa.