Kengele Iliyolia Mara ya Pili

Ting.

Niliisikia nikiwa bado mlangoni, gizani, nikitafuta tundu la ufunguo kwa kidole. Kwanza nilitabasamu. Kengele ile niliitengeneza mwenyewe: kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, spika ya redio iliyokufa, na skripti ya Python, programu fupi niliyoiandika kwenye masomo ya jioni. Ikifika saa kumi na mbili jioni inalia, na mama mkwe wangu anampa binti yangu dawa ya kifafa.

Kisha nikatazama simu. Saa moja kasoro dakika tano.

Nikausukuma mlango. Ndani kulikuwa na mshumaa mmoja tu, na mama mkwe ameinama kitandani kwa mtoto, anafunga kizibo cha chupa.

"Umerudi, mwanangu? Mgonjwa wetu ameshakunywa."

"Amekunywa sasa hivi?"

"Si kengele imelia?"

"Mama, saa kumi na mbili haikulia?"

"Ililia, nikampa. Mara umeme ukakatika. Huo umeme uliporudi ulirudi na hasira, ukapasua balbu. Sasa nimekaa hapa, kengele ikalia tena. Nikasema, huyu msomi wangu ameongeza dozi bila hata kuniambia!" Akacheka. Alipoona sicheki, akaiweka chupa chini. "Wewe si ndiye uliyeniambia nisibishane na kengele?"

Ndiyo, ni mimi. Zamani alikuwa akikisia saa kwa kivuli cha ukutani na taarifa ya habari, tukawa tunagombana kila jioni, mpaka nikamwekea sheria: usitazame dirishani, usimuulize mtu, kengele ikilia mpe. Naye aliishika sheria ile kuliko mimi niliyeitunga.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Goti likagusa kitu kinachonata sakafuni, sikujali. Binti yangu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Sasa alikuwa amelala chali, kimya.

"Chiriku. Chiriku, mama amerudi."

Kope hazikutikisika.

Nikampigia nesi wa zamu.

"Dozi mbili?" aliuliza. "Zimepishana muda gani?"

"Sijui."

"Dada, hilo ndilo ninalolitaka. Kama ya kwanza alipewa mchana ni jambo moja. Kama zimefuatana ni jambo jingine. Angalia, usikate simu."

Niangalie wapi? Mama mkwe hajui saa, anajua kengele. Na kengele ya pili ilikuwa imetudanganya, labda hata ya kwanza. Wa kuulizwa ilibaki mashine.

Nikaiunganisha na laptopu yangu ya mtumba, simu nimeibana kwa bega. Skripti yangu kabla ya kulia huhakikisha kwamba saa iko sawa. Hicho ndicho nilichojivunia mbele ya darasa zima. Nikaiendesha. Ikajibu kwa maandishi ya kijani: HUDUMA YA SAA IPO.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kumbe siku zote nilikuwa naiuliza hilo tu! Ni sawa na kupiga simu ofisini ukauliza kama karani yupo, ukaambiwa yupo, ukashukuru na kukata simu, wala hukuuliza kama ameamka. Kompyuta ile haina betri ya saa. Ikizimika ghafla, inaamka na saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, halafu inangoja mtandao uisahihishe. Nikageuka kukitazama kisanduku cha intaneti. Hakikuwa na taa hata moja. Umeme uliopasua balbu ulikuwa umekiunguza nacho.

Nikaandika swali jipya, nikikosea herufi na kufuta. Saa imelinganishwa na mtandao?

HAPANA.

Na kabla umeme haujakatika?

Ilichelewa kujibu, au mimi ndiye niliyeona imechelewa.

NDIYO.

Basi kengele ya kwanza ilisema kweli. Umeme ulipokatika saa ikarudi nyuma, mashine ikaifikia saa kumi na mbili kwa mara ya pili, na ikalia bila wasiwasi wowote.

"Nesi, hazijapishana hata saa nzima."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mlete sasa hivi. Njoo na chupa yenyewe. Njiani mzungumzishe, asizame usingizini."

Mama mkwe alikuwa ameshasimama, kandambili amezivaa kushoto kulia. "Nimemfanya nini mjukuu wangu?" alinong'ona. "Kwa mkono wangu huu!"

"Hukufanya kitu, mama. Umefanya nilichokuagiza. Shika chupa, shika mshumaa, twende."

Nikamnyanyua Chiriku. Kichwa chake kikaniangukia begani, kizito kama si chake. Mlangoni sikulitafuta tena tundu la ufunguo, niliurudishia mlango tu.

"Chiriku, sema na mama. Sema lolote. Imba. Nitukane ukitaka. Bibi alikuamsha akakupa dawa?"

Jicho moja likafunguka. Lilimtazama bibi yake na ule mshumaa, likanitazama mimi, kisha uso mzima ukajificha shingoni mwangu, kama wa mtu anayejua atagombezwa.

"Ile ya pili niliitema."