Dakika Tisa za Watson

Ijumaa saa kumi na moja jioni Mwalimu Ferista alikuwa barazani kwake Isansa akipukuchua mahindi, kompyuta ikalia ndani. Akajifuta mikono kwa khanga, akaenda kutazama. Kigawo kimepatikana: namba tasa ya tarakimu thelathini na nane, mwisho wake tisa. Akabandika chai.

Namba kubwa ambayo kompyuta ilikuwa ikiitafutia vigawo aliichagua mumewe Watson, dereva, kabla ya safari yake ya mwisho ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Alifia huko, kwenye foleni ya malori. Lori lilirudi siku ya nne na dereva mwingine. Mwili uko wapi, hakuna aliyesema.

Wapenzi wa mchezo huu mkoa mzima hawafiki sita, kila mmoja na namba yake anayohangaika kuivunja hadi vipande visivyovunjika tena. Hii ya Watson, kila ikitoa kipande, mwenyewe huja akakaa dakika sawa na tarakimu ya mwisho. Kilichoishia na moja kilimtosha kuvua viatu tu. Kwa kilichoishia na tatu alikunywa nusu kikombe. Dakika za kilichoishia na saba walizimaliza wakigombana juu ya bati linalovuja, na Ferista hajajisamehe mpaka leo. Zaidi ya tisa hakuna.

Watson akaingia, akakung'uta vumbi mlangoni.

"Hujambo, mama Gloria?"

"Sijambo. Kaa. Leo sigombani na mtu. Uko wapi, nije nikuchukue?"

"Mochwari ya ng'ambo, mwezi wa nane sasa. Wanasubiri barua ya tajiri."

"Mbona lori lake lilirudi?"

"Lori lilikuwa na karatasi zote," alisema Watson, akapuliza chai.

Dakika zilizobaki walishikana mikono tu. Ferista alimtamani mumewe kuliko alivyowahi kumtamani akiwa hai.

Jumatatu alikwenda Tunduma, ofisini kwa tajiri. Stumai, karani, hakuinua uso.

"Nani kakwambia yuko mochwari?"

"Mwenyewe. Alikuja Ijumaa."

"Basi angepitia hapa asaini. Asiyekuwepo na lake halipo, mama."

"Ana dakika chache, dada. Kutoka Isansa hazimfikishi."

"Pole. Njoo kesho."

Alikwenda kesho yake, akaambiwa kesho. Ijumaa ilipofika alikuwa ameshaambiwa mara tano.

Jioni hiyo Jofrey wa Ndalambo, muuza mbegu na mwenzake katika mchezo, akapiga simu.

"Mwalimu, kilichobaki umekipima? Kikiwa tasa namba imekwisha, nachinja jogoo!"

Kuvunja namba huchukua miezi, ila kupima kama ni tasa ni kazi ya dakika mbili. Ferista alikitazama kilichobaki cha ile namba kubwa baada ya vigawo kuondolewa. Kiliishia na tatu. Kikivunjika, Watson ana safari nyingine. Kikiwa tasa, ni dakika tatu, halafu basi.

"Bado," akajibu.

Akazima kompyuta, akaosha vikombe viwili, kisha akapiga pasi gauni la kwendea Tunduma Jumatatu.