Mwongo wa Maneno Mia Mbili

Huko Marekani, kwenye vilima vya Ozark, kuanzia duka la chakula cha mifugo hadi baraza ya kanisa, hapakuwa na mtu wa kumfikia Burl Haskett kwa uongo. Si uongo wa kula mali ya mtu. Ni uongo wa kuchekesha, ule unaotoka mdomoni umevaa suti na kuchana nywele. Kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kufuga jogoo aliyeshindana kuwika na saa ya kanisa mpaka saa ikakata tamaa ikasimama, na haijatembea hadi leo. Aliwahi kumtoa mtoni kambare mmoja, na alipomtoa tu, mto ukapungua, watu wakavuka ng'ambo na soksi zao. Miaka sabini na moja ulimi huo ulimlisha na kumnywesha, ukamponza siku moja tu, nayo tutaifikia.

Sasa mtu kama huyo ukimkuta asubuhi ya Septemba amesimama wima mbele ya friji, mikono nyuma, kipara kinamtoka jasho, ujue kuna mkubwa wake humo ndani.

"Tena," alisema mkubwa huyo. Alikuwa mjukuu wake Noemí, umri miaka minane, ameshika mwiko kama fimbo ya ualimu.

"Mwalimu, nimechoka. Mtu wa umri wangu hasimamishwi darasani asubuhi nzima."

"Mwanafunzi Burl, hata siku moja hujachoka kusema uongo. Utachokaje kusema 'maziwa'?"

Burl akasema maziwa kwa Kihispania. Noemí akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Shule yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo: meza ya jikoni, viti vinne, na karatasi zenye maneno ya Kihispania zilizobandikwa kila mahali, mlangoni, kwenye jiko, kwenye beseni la kunawia. Amos, mdogo wake Noemí mwenye miaka sita, alikuwa amembandika hata paka. Mwenye shule alikuwa mama yao, Yadira, mzaliwa wa Durango kule Meksiko, aliyeolewa na Dwight, mtoto pekee wa Burl. Dwight alikuwa njiani wiki nzima na lori lake la kusafirisha ng'ombe. Yadira akawasomesha watoto mwenyewe nyumbani, nusu siku kwa Kiingereza, nusu siku kwa Kihispania, na alikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: hujajua kitu mpaka umemfundisha mwingine. Ndiyo maana Noemí akapewa mwanafunzi. Na mwanafunzi aliyekuwa karibu, asiye na kazi, aliyeishi nyumba ndogo ng'ambo ya ua na kwa miaka tisa ameacha Kihispania kimpite juu ya kichwa kama bata wa porini, alikuwa ni babu.

"Haya, nisimulie kitu ulichofanya zamani," alisema Noemí, akakaa.

Macho ya Burl yakang'aa. Akajikohoza. "Mimi," alianza kwa Kihispania. "Mtoni. Mimi shika samaki." Akanyoosha mikono hadi ikagonga friji upande mmoja na Amos upande wa pili. "Samaki..."

Akakwama. Akarudi kwenye Kiingereza. "Mwalimu, nipe neno la 'mto ukakauka'."

"Hatujafika huko."

"'Mkubwa kama trekta'?"

"Hatujafika huko. Unayo 'mkubwa' na unayo 'mdogo'. Chagua. Lakini mikono yako ishushe, mikono si Kihispania."

Mzee akashusha mikono. Akafikiri.

"Samaki mdogo," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Mimi shika samaki mdogo. Mimi rudi nyumbani."

Kutoka kwenye sinki Yadira aligeuka, sahani mkononi. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kusikia kambare yule akitajwa kwa kipimo chake halisi.

Mwanzoni mwa Oktoba mambo yakageuka. Yadira alikuwa na mimba ya miezi sita, na daktari akamwambia alale. Si kupumzika, kulala. Aamke kwenda chooni tu, mpaka Januari atakapojifungua, la sivyo mtoto atakuja kabla ya saa yake. Dwight hakuweza kuacha lori. Burl angeweza kuchemsha viazi, lakini hisabati yake iliishia pale vidole vilipoishia.

Yadira alimwita chumbani. "Baba, kaa. Jumatatu ijayo nikikosa mtu wa kushika meza ile, watoto wanakwenda shule ya mjini. Nimeshazungumza nao huko, nafasi zipo."

"Shule ya mjini si jehanamu, mwanangu. Mimi nilipita pale."

"Ndiyo, baba, na nakuona." Akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Wiki ya kwanza tu watakuwa wananijibu Kiingereza. Nimeona watoto wa wenzangu. Mwaka mmoja, na bibi yao anakuwa mtu wa kupungiwa mkono kwenye simu. Mama yangu anakuja Jumatano. Nimemwomba akae mpaka nijifungue. Amesema siku nne."

"Siku nne tu? Kwa nini?"

Yadira akageuza macho kwenye picha ya harusi ukutani, na Burl akajua kwa nini.

Ndiyo ile siku ulimi ulipomponza. Kwenye harusi, miaka tisa nyuma, Bi Hermelinda Quiñones, mama yake Yadira, alisafiri na mfuko mzima wa pilipili kavu kutoka Durango, akasimama jikoni siku mbili, akakaanga, akasaga, akakoroga, akatoa sufuria la mole, mchuzi mweusi mzito wa pilipili na chokoleti, ambao kwao mama hampikii mtu asiyemthamini. Burl akasimama na bilauri yake mbele ya ukumbi. Akasema amempa mbwa wake kijiko kimoja cha mchuzi ule, na mara ya mwisho mbwa ameonekana akivuka mpaka wa jimbo la Kansas, moshi unamtoka nyuma, na wazima moto wanamfuata. Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Bi Hermelinda akamuuliza kijana wa pembeni wanacheka nini. Kijana, mjinga wa watu, akamtafsiria yote, hata wazima moto. Bi Hermelinda akafuta mikono, akafunika sufuria, akaondoka. Watoto walipelekwa Durango kila kiangazi kumwona. Yeye hakukanyaga tena.

"Nitamwomba radhi," alisema Burl.

"Kwa lugha gani?"

"Kwa yake. Nina mwalimu."

Mwalimu alilichukua jambo lile kwa uzito wake. Siku tatu hapakuwa na friji wala maziwa, ni radhi tu asubuhi na mchana. Noemí alimtungia sentensi fupi fupi, asije akapotea njiani: Bi Hermelinda, nisamehe. Nilikosa. Mchuzi wako ulikuwa mtamu sana. Tafadhali kaa nasi. Burl aliwasomea kuku, akawasomea nguzo za uzio, na kama utamwamini yeye, ng'ombe mmoja alilia.

Bi Hermelinda akaja Jumatano. Mwanamke mfupi, mnene wa mabega, na nywele zilizobanwa zisithubutu kusogea. Akambusu binti yake, akawakumbatia wajukuu, akaingia jikoni, akasoma karatasi zote za ukutani akizisahihisha kwa kalamu aliyoitoa kifuani. Burl, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, Bi Hermelinda alimpita kama mtu anavyoupita mwavuli ulioegemezwa ukutani. Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa alimwekea chakula mezani bila kumtazama, kama mtu anayemlisha bata. Safari yake ilikuwa Jumapili asubuhi.

"Babu, kesho mchana," alinong'ona Noemí. "Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Ukichelewa, mimi Jumatatu nimevaa begi la shule."

Jumamosi wakala mchana watu wanne: Bi Hermelinda, Burl, na watoto. Mlango wa chumba cha Yadira uliachwa wazi makusudi. Burl alisukuma kiti, akasimama.

"Bi Hermelinda," alisema kwa Kihispania. "Nisamehe. Nilikosa."

Mwanamke akaweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamtazama.

"Mchuzi wako ulikuwa..."

Hapo akanyamaza. Noemí, akidhani amesahau, akamtengenezea mdomo: mta-mu, mta-mu. Lakini Burl hakuwa amesahau. Neno alikuwa nalo pale pale kwenye ncha ya ulimi. Kiingereza alikirithi bure, maneno elfu na elfu, akayatapanya kama mtu anayerusha punje kwa kuku. Haya mia mbili ya Kihispania aliyatolea jasho moja moja mbele ya friji. Akajikuta hawezi kulitoa hata moja likasimame mahali ambapo halikuwa na kazi.

"Hapana," alisema. "Mimi... mimi sikula."

Noemí akaufunika uso kwa mikono. Hiyo haikuwemo.

"Mchuzi wako. Harusini. Mimi sikula. Mbwa hakula. Mbwa nyumbani, analala." Alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Mimi niliogopa. Mimi sema uongo. Watu cheka. Mimi furaha. Wewe siku mbili jikoni. Mimi mjinga. Mimi mjinga mzee."

Kutoka chumbani sauti ya Yadira ilipasuka kwa Kiingereza: "Baba! Hukuonja? Miaka tisa, na hata *kuonja* hukuonja?"

"Wewe lala!" aliitikia mama yake kwa Kihispania, bila kuondoa macho kwa Burl. Kisha, polepole, kama anaongea na mtoto: "Uliogopa nini?"

"Pilipili."

"Mwanamume mzima kama wewe?"

Burl akatafuta. "Mwanamume mkubwa," alikubali. "Tumbo dogo."

Amos akacheka, maziwa yakamtoka puani. Bi Hermelinda hakucheka, lakini kuna kitu kilitikisika chini ya kidevu chake, akakirudisha mahali pake. Akamgeukia mjukuu wake.

"Nani anamfundisha huyu?"

"Mimi, bibi." Noemí alikuwa ameketi wima, anangoja hukumu.

"Tangu lini?"

"Agosti, bibi. Kila siku isipokuwa Jumapili."

"Anaongea kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa."

"Ndiyo, bibi. Lakini alikuwa haongei kabisa."

"Na hivi, kwa Kihispania hajui kudanganya?"

Noemí alifikiri kwa uaminifu wote wa mwalimu. "Hatujafika huko, bibi."

Bi Hermelinda akachukua kijiko, akanywa supu yake, akaimaliza, akafuta mdomo. Hakuna aliyethubutu kutafuna. "Basi mkifika huko," alisema, "lazima pawe na mtu mzima."

Chumbani kitanda kililia. Noemí hakuelewa mara moja, kisha akaelewa, akaruka na kumkumbatia bibi yake shingoni.

"Niache nipumue. Na wewe," akamnyooshea Burl kijiko, "sijasema nimekusamehe. Nimesema nakaa. Hayo ni mambo mawili, mwalimu wako atakueleza tofauti yake. Kesho unakaa na mimi jikoni, unatoa mbegu za pilipili, mfuko mzima, na unaniambia unachofanya kila unapokifanya. Kwa Kihispania. Ukinyamaza, naongeza mfuko."

Burl alielewa nusu, na nusu ile ilitosha kumwogopesha na kumfurahisha kwa mpigo.

Yadira alitaka kupiga simu ya kubadilisha tiketi mwenyewe, kitandani pale. Mama yake akamnyang'anya simu, akamwekea Burl mkononi. "Yeye ndiye aliyenifanya nikae. Yeye ndiye apige."

Simu ikamwambia, kwa Kihispania bonyeza mbili. Burl akawatazama wote, kidole hewani, akabonyeza mbili kama anayebonyeza kengele ya nyumba yenye mbwa. Muziki ukalia. Kisha sauti ya msichana, ya haraka kama mvua juu ya bati. Noemí alisimama upande mmoja, Bi Hermelinda upande wa pili, masikio yamebandikwa.

"Mchana mwema," alisema Burl. "Mkwe wangu. Kesho, ndege... hapana. Hapana ndege kesho. Anakaa."

Msichana akacheka kidogo, kisha akaanza kuongea polepole. Akauliza jina la abiria. Burl akalitoa lote, Hermelinda Quiñones, bila kujikwaa, maana jina hilo alikuwa akilisemea nguzo za uzio kwa siku tatu. Msichana akauliza abiria angependa kurudi lini.

Burl akafunika simu kwa kiganja. "Lini?" alimuuliza mkwewe.

Bi Hermelinda akahesabu kwa vidole. "Mtoto Januari. Halafu arobaini ya mama yake. Halafu niwaache na nguo zimefuliwa." Akafika kidole cha mwisho. "Mwambie Machi."

Burl akaondoa kiganja, akavuta pumzi, akasema Machi kwa Kihispania.

Noemí alifumba macho kama siku ile ya maziwa. Bi Hermelinda alimtazama mzee yule kama fundi anayetazama ukuta uliojengwa na mtu mwingine.

"Mwambie Aprili," alisema.