Barua za Herufi Kubwa

Mwalimu Verlin Modeste alikuwa na pua ya kunusa insha ya wizi. Miaka kumi na tisa ya kufundisha Kiingereza pale Gouyave, mji wa pwani, ilikuwa imemwonyesha kila hila: insha ya kaka mkubwa, insha ya kukariri, insha ya shangazi aliyewahi kuishi Trinidad. Kwenye ufahamu nako alikuwa na kanuni yake, na hakuna mwanafunzi aliyemaliza muhula bila kuisikia mpaka ikamchosha: neno likirudiwa, muulize mwandishi anaficha nini.

Basi alipoanza kusoma insha ya Denzia Alexis, msichana wa milimani aliyehamia kidato chake muhula ule, alikunja uso kabla hajafika nusu. Mada ilikuwa "Mtu Anayesubiri". Denzia huyu huyu, ambaye darasani ukimuuliza swali hujibu kwa maneno mawili akiangalia viatu vyake, leo anaandika kama kikongwe aliyezika watu! Halafu Verlin akafika kwenye mstari huu: Nyumba isiyopigwa hodi husahau mlango wake uko wapi.

Kalamu nyekundu ikamponyoka. Alifungua mkoba, akatoa barua ya mwisho ya mama yake. Mstari ulikuwemo, neno kwa neno.

Mama yake, Eufemia, aliishi Morne Cerise, mwendo wa saa mbili kupanda mlima, na hakujua kusoma. Dada Philbert wa kanisani ndiye aliyekuwa akimwandikia, kwa herufi kubwa zilizoachana, kwa sababu mama alipenda kuyahesabu maneno kwa kidole ahakikishe hajapunjwa hata moja. Zamani barua hizo zilijaa mbuzi na ugomvi wa mipaka. Tangu Pasaka zilikuwa tamu ajabu, na Verlin alitembea nazo akiona fahari. Ni kweli hakuwa amepanda mlima tangu Krismasi, lakini si mama mwenyewe aliyesema asisumbuke?

"Kuna mtu amefungua mkoba wangu," alimwambia Bwana Cuffie, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akila shelisheli la kuchoma.

"Nilikwambia! Unauacha wazi kama mlango wa kanisa. Hao watoto wa mlimani, ukiwapa mkono wanaondoka na pete."

"Na mimi nimetoka huko huko, Cuffie."

"Ndiyo maana nafunga droo yangu!" alisema, akacheka mpaka akapaliwa.

Verlin hakucheka. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kabla ya saa nane alitakiwa kusaini fomu kwamba kazi ya kila mwanafunzi ni yake mwenyewe. Bila saini, Denzia asingefanya mtihani wa mwisho. Angewafuata dada zake kwenye ghala la kungumanga, kuchambua mbegu mpaka vidole vinuke maisha yake yote.

Mchana alimwita peke yake darasani, akampa mada mpya na karatasi tupu. Msichana aliandika kichwa cha habari, akapiga mstari, akaendelea bila kuinua uso. Dakika ishirini baadaye Verlin alisoma ukurasa mzima, na ulikuwa mzuri kupita ule wa kwanza. Kumbe mtoto anajua kuandika. Basi ni mwizi anayejua kuandika, na huyo ni mbaya zaidi.

"Ule mstari wa nyumba na hodi umeutoa wapi?"

"Kichwani, Mwalimu."

"Na hicho kichwa kiliingia lini mkobani mwangu?"

"Mimi si mwizi."

"Basi sema."

"Niliahidi kutosema."

"Denzia, bila saini yangu hakuna mtihani. Unaelewa?"

Machozi yalimlenga msichana, lakini sauti haikutetereka. "Basi usisaini, Mwalimu."

Hapo Verlin akashikwa na hofu. Mwizi huapa, hulia, husingizia wenzake. Hasemi usisaini. Aliitazama tena ile karatasi. Insha ilikuwa kwa mwandiko wa kuunganisha, kama shule inavyotaka, lakini kichwa cha habari kilikuwa kwa herufi kubwa, zilizoachana. Akailaza barua kando yake.

"Wewe ndiye unayemwandikia mama."

"Tangu mwaka jana. Macho ya Dada Philbert yameisha, na sisi kwetu ni jirani."

"Kwa hiyo umeiba maneno ya mama yangu ukayatia kwenye insha."

"Ni yangu, Mwalimu." Denzia alifuta pua kwa kiganja. "Bibi Eufemia hasemi. Pasaka alipata kiharusi, mdomo ukapinda. Aliniapisha zamani, akiugua nisikwambie, maana una watoto wa mtihani. Sasa natunga mimi. Namsomea, anahesabu kwa kidole, akiridhika ananifinya mkono. Mama yangu ndiye anayemwogesha."

"Na watu wote wa kule? Hata mmoja asinitumie neno?"

"Wanadhani unajua. Wanadhani hutaki kuja."

Verlin alikaa kwenye dawati la wanafunzi. Zile barua alizojivunia, alizowasomea walimu wenzake kwa sauti!

"Wewe ungenidokeza, mwanangu. Hata kwa barua."

"Nilikudokeza. Hiyo hapo nimeandika usisumbuke mara tano. Wewe si ndiye unayetufundisha neno likirudiwa?"

Verlin aliweka kidole kwenye karatasi, akahesabu kama mama yake. Moja. Mbili. Yalikuwa matano, na alikuwa ameyasoma yote kwa raha. Alivuta fomu akasaini.

"Gari la Morne Cerise linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane, Mwalimu," alisema Denzia. "Ila ukifika, ukipiga hodi usingoje kuitikiwa. Ingia tu."