Siko Njiani

Mtaa mzima ulimwita Kesho, na hakuna aliyemwonea. Ukimwomba akubebee kabati kwa pikapu lake, kesho. Ukimwuliza taa ya nyuma ataitengeneza lini, kesho. Alikuwa mtu wa watu, mwenye mdomo wa kumkaribisha mgeni mpaka mgeni akasahau alichojia. Pikapu lenyewe, dubwana la kubebea mizigo mizito, lilikuwa kama baraza: likisimama tu, watu wanaliegemea na soga zinaanza.

Jumamosi ile aliamka kabla ya mkewe. Mkewe alimgusa paji la uso, akidhani ana homa.

"Leo namleta mama," Kesho alisema.

Mama mwenyewe ni mama mkwe. Walipooana hawana mbele wala nyuma, yule mama ndiye aliyewaachia chumba chake cha kulala, yeye akahamia kwenye kochi la sebuleni. Jirani akiuliza, alijibiwa kwamba daktari kamshauri, kochi ni zuri kwa mgongo. Hakuna daktari aliyewahi kusema hivyo. Walikaa kwake hadi mtoto wa pili akaota meno. Sasa mama amebaki peke yake upande wa pili wa mlima, magoti hayamtii, na amekubali kuhamia kwao.

Tatizo ni kwamba alishakubali mara mbili. Mara zote alifunga virago, akaviringisha godoro, akapiga simu, na Kesho akamjibu, "Niko njiani, mama," ilhali yuko kwa kinyozi, hadithi imenoga. Mara zote jua lilizama na mama akavifungua virago mwenyewe. Juzi alimwambia binti yake, bila hasira, "Nitafunga mara hii tu. Nikifungua, ndiyo nimefungua. Msije tena."

Mkewe alilia chumbani. Kesho alisikia, na kikombe kikamganda mkononi.

Basi kilichobaki ni difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini kwenye matairi. Kwa muda mrefu ilikuwa ikipiga mluzi kila pikapu likipanda mlima. Fundi aliisikiliza, akasema oili ya humo imekufa, ibadilishwe kabla gari halijabeba mzigo mlimani, la sivyo meno yatasagika. Kesho akajibu lile neno lake. Sasa fundi kaenda msibani, kamwachia dumu la oili, pampu ya mkono na maelezo. Maelezo Kesho aliyasikia nusunusu, maana fundi alipokuwa akieleza, yeye alikuwa akimsimulia habari za mwenye nyumba mmoja aliyenaswa akiwaibia maji wapangaji wake.

Akaweka magogo kwenye matairi, akasukuma karai chini ya difu na kujiviringisha mgongo mchangani. Kulikuwa na nati mbili, moja chini kabisa na nyingine juu yake, ubavuni. Akaikamata ya chini. Ikafunguka kwa utiifu, oili ikashuka nyeusi, nzito, inanuka mayai viza. Kwenye sumaku ya nati, ile ya kunasa vipande vya chuma, palikuwa na unga laini tu, hakuna jino lililokatika.

"Mungu mkubwa," alimwambia mkewe aliyesimama kando na simu. "Mke wangu, difu yetu bado nzima."

Akairudisha nati ya chini na kuikaza. Kisha akashika ya juu, ya kujazia. Spana ikateleza. Akaibana tena, ikateleza tena. Akaleta spana ndefu, akaigonga kwa nyundo, na pembe za nati zikalika zote mpaka ikawa mviringo kama gololi.

Kwenye uchochoro wa pili alikaa Mama Cheche, mchomeleaji mageti, mwanamke ambaye habari haikumpita. Alisikia nyundo, akaja na kikombe chake cha chai, akachuchumaa na kuchungulia.

"Shemeji, ulianza na ipi?"

"Ya chini."

Mama Cheche akanywa fundo moja taratibu.

"Watu huanza na ya juu. Ya juu ikigoma, unafunga mdomo wako, unaondoka na oili yako chafu. Wewe umemtoa mgonjwa damu hata hujajua pa kumwongezea."

"Fundi hakuniambia."

"Alikuambia. Nilikuwa pale. Wewe ulikuwa unamsimulia ya mwenye nyumba." Akafikiri kidogo. "Na hukumalizia, walimfanyaje?"

Kabla hajajibu, simu ililia. Mkewe aliangalia kioo chake, uso ukambadilika. Akainama, akaiweka kwenye spika na kuisogeza kwenye sikio la mumewe kule chini.

"Baba, shikamoo ya mwanangu nimeipata asubuhi, yako bado," mama mkwe alisema. "Haya. Umeshaondoka?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshaondoka?"

Maneno mawili yalikuwa tayari kwenye ulimi wake, yamelainika kwa kutumika. Kesho aliyaona macho ya mkewe, mekundu.

"Mama, siko njiani," alisema. "Niko chini ya gari. Nimemwaga oili ya difu na pa kujazia pamegoma. Nikitoka na gari hivi, litafia mlimani. Sijui nitafika saa ngapi."

Mkewe aliisogeza simu karibu zaidi.

"Zile mara mbili," mama mkwe alisema, "nilikuwa nasikia mashine ya kinyozi. Nikasema moyoni, huyu hanitaki ila anaona aibu. Leo nasikia umelala chini, sauti imekubana kifuani. Basi fanya kazi yako, baba. Godoro nimeliviringisha, na halifunguliwi."

Kesho alibaki amelala pale, anaangalia chuma. Mkono uliokuwa na grisi ulipita machoni, ukamwachia baka jeusi usoni. Alipogeuza kichwa, Mama Cheche hayupo. Kikombe tu kimeachwa kwenye bampa.

Akarudi anaburuta mashine ya kuchomelea, kioo cha uso kwapani.

"Geti la mtu litangoja. Kwanza chomoa betri. Hilo karai lako lipeleke kule. Dada, niletee ndoo ya mchanga, moto hauna adabu."

Akaisugua nati mbovu kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, akaweka juu yake nati nyingine kubwa, nzima, akaichomelea kwa ndani. Cheche zikaruka, kila mtu akageuza uso. Akaacha ipoe kidogo, kisha akampa Kesho spana.

"Joto limeilegeza kutu. Jaribu sasa, polepole, kama unamwamsha mtoto."

Kesho akavuta. Ikalia kwii, ikakubali.

Wakapampu oili mpya, ya rangi ya asali, mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu lilelile la juu. Hiyo ndiyo dalili ya kujaa. Kesho akafunga, akafuta, akarudisha betri, kisha akasimama mbele ya Mama Cheche na kumrudishia kikombe chake kwa mikono miwili.

"Usinishukuru, nenda," Mama Cheche alisema. "Mama wa watu kakaa roho juu."

Njia nzima alisahau kuwasha redio. Alimkuta mama mkwe mlangoni, amevaa viatu vya kutokea, akampandisha mbele kama anapandisha mayai. Mlimani pikapu lilipanda na mzigo wake, godoro, meza, jiko na sanduku, difu haisemi kitu.

"Mbona kimya, umenuna?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Nashukuru tu."

"Unashukuru nini wakati mimi ndiye ninayebebwa?"

"Kwamba umekuja."

Mama aligeukia dirisha, akajifanya anatazama miti. Mkono wake ulikaa begani mwa mkwewe mpaka kileleni.

Walipofika, majirani walikuwa wamejaa. Mama Cheche alibeba sanduku, mkewe alimkumbatia mamaye bila kusema, watoto wakagombea kumvua viatu. Mama mkwe akawekwa katikati kwenye kiti, na alikuwa na habari za upande wa pili wa mlima nyumba kwa nyumba, zote mpya. Kesho alifungua mdomo mara mbili na hakuna aliyempa nafasi. Akakaa kwenye ukingo wa pikapu, akawasikiliza, na hakutamani kuwa mahali pengine popote.