Kwaresima Niliyoacha Vidonge

Kwaresima ile kila mtu wa jumuiya yetu pale Majengo, Mpanda, aliacha kitu. Skolastika aliacha soda. Verdiana, mtoto wa mdogo wangu, ambaye ndiye ninayekaa kwake, aliacha nyama. Mimi anasa sina, pombe nilishaacha zamani, basi mwenyekiti wetu Salvator akaniambia, "Mzee Leodgar, wewe toa vidonge. Mtolee Bwana hivyo vidonge, uone atakavyokushika." Alisema kwa upendo kabisa. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikavificha nyuma ya sanamu ya Mama Maria, Verdiana sikumwambia.

Vidonge vyenyewe ni vya ugonjwa wa kupanda na kushuka. Daktari anauita baipola. Nikishuka, nalala nimegeukia ukuta, hata ishara ya msalaba mkono haunyanyuki. Nikipanda, silali, nasema, nacheka, natembea. Na mimi ni mtu wa kutembea toka ujana, nimelima tumbaku za watu, nimeanika dagaa Ikola, nimechunga ng'ombe wa Wasukuma. Kwa hiyo watu hawajui lini natembea na lini natembezwa. Mara ya mwisho nilitembezwa. Nilitoka Mpanda kwa miguu kwenda kwetu Usevya, na barabara ile inakata katikati ya hifadhi. Manyanda, dereva wa lori la mpunga, alinikuta nimesimama ukingoni mwa mto nahubiri, kiboko ametoka majini ananitazama. Alinivuta kwa kola ya shati mpaka ndani ya lori. Akasema angechelewa kidogo tu, angeokota viatu.

Nilipotulia nikaweka mapatano na Verdiana. "Mwanangu, ipo siku nitakuambia Mungu amenituma. Usibishane na mimi, nitakushinda kwa maneno. Niambie nisali Baba Yetu taratibu, kila mstari nivute pumzi. Nikishindwa, chukua viatu vyangu."

Sasa Alhamisi hiyo jumuiya ilisali uani kwetu. Usingizi ulikuwa umenihama siku kadhaa na wala sikuchoka. Kila kitu kiling'aa, hata mabati ya jirani. Nikapewa kuongoza rozari. Nikaongoza.

"We Leodgar!" Skolastika akasema tulipofika tendo la pili. "Taratibu. Mama Maria hawahi basi."

Akina mama wakacheka.

"Mwacheni," Salvator akasema. "Ni Roho huyo. Nyie hamuoni? Toka aache vile vidonge amekuwa kama kijana."

Verdiana alikuwa anasogeza mkeka. Akasimama.

"Ameacha nini?"

Mimi nilikuwa nimeshainuka, nimeshavaa viatu pale pembeni walipovua watu wote. Ndani yangu sauti ilikuwa wazi kuliko ya mtu yeyote pale uani. Usevya. Sasa hivi. Kwa miguu.

"Ndugu zangu, natumwa," nikasema. "Watu wa kwetu wanapotea. Naenda Usevya, na wanyama watanipisha."

"Amina!" Salvator akaitikia.

"Ba'mkubwa," Verdiana akasema. Alikuwa amesimama kwenye upenyo wa uzio, pa kutokea ni hapo tu. "Sali Baba Yetu."

"Nimesali mchana kutwa. Nipishe."

"Sali taratibu. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Verdiana," Salvator akaingilia, "unamzuia mtumishi?"

Skolastika akamgeukia. "Mwenyekiti, na wewe vidonge vyako vya presha umeacha?"

Salvator akakohoa.

"Nakuuliza. Umeacha, au ulikunywa asubuhi na uji?"

"Ile ni presha, mama."

"Ahaa. Presha ni ugonjwa, ila wa mwenzio ni Roho."

Mimi nilikuwa nachemka. Mbele ya watu, niulizwe sala ya watoto wa komunyo ya kwanza! Nikaanza ili niwaaibishe. Baba yetu uliye mbinguni. Nikavuta pumzi. Jina lako litukuzwe. Nikavuta, lakini kifua kilikuwa kinagonga, maneno yanasukumana mlangoni. Ufalme wako ufike utakalo lifanyike, si ndiyo hilo, utakalo, na analotaka ni mimi niende, Usevya wanangoja, viboko wamesikia, simba wamesikia, ni nyie tu hamsikii, nyie wa Majengo...

Hakuna aliyekuwa anaitikia, hata Salvator. Verdiana alinyoosha mkono kuomba viatu.

Mkono wangu ulikuwa juu. Sijui ulipanda saa ngapi. Ulikuwa umekunjwa ngumi usawa wa uso wake, na yeye hakusogea, ila alifumba macho, kama anayengoja sindano.

Mimi sijawahi kumpiga mtoto yule. Nimemlea akiwa mdogo, kwa vipindi, nikiwa nimepita nyumbani.

Nikainama. Kamba za viatu zilinishinda, Skolastika akapiga magoti akazifungua. Verdiana akatia viatu kwenye kapu lake, nikamwambia vidonge vilipo, akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa. "Hivi tutaenda navyo kwa daktari, yeye ndiye atakayeniambia tuanzie wapi." Salvator ndiye aliyekimbia kutafuta bajaji. Aliporudi hakunitazama usoni.

Tukapanda, mimi katikati ya Verdiana na Skolastika, miguu mitupu. Tulipofika Kashaulili, karibu na stendi ya magari, mpiga debe anaita, "Usevya! Usevya, mzee, siti ya dirishani!" Bajaji ikapunguza mwendo, kuna mikokoteni imeziba njia. Nikaanza kuinuka. Ile sauti ilikuwa bado haijanyamaza. Verdiana akanishika mkanda wa suruali.

"Skolastika," nikasema, "ongoza wewe. Taratibu. Mimi nitafuata."

Akaanza tena tendo la pili. Nilikuwa namaliza kabla yake kila Salamu Maria, narudi, namngoja.