Waliokuwa Macho Yetu

Usingizi unamchukua Bi Mkawasi mchana kweupe, kwenye kiti cha ukumbi wa bunge, akingoja kuitwa mbele ya kamati. Yeye ni mshauri wa wizara ya usalama, ndiye aliyebuni ule msako wa mtaa kwa mtaa uliofuata vita vya ng'ambo ya mpaka, na leo wabunge wanataka kumuuliza jambo moja tu, kama nchi iko salama kuliko zamani. Jibu analo. Amelikariri tangu asubuhi, na kulikariri ndiko kunakomlaza, kope zinakuwa nzito, sauti za watu zinakwenda mbali, na anapoinua kichwa ukumbi haupo tena, amesimama kwenye barabara isiyo na mwisho, mbele yake kizuizi, na nyuma ya kizuizi hicho kingine, na kingine, mpaka macho yanachoka. Askari aliyesimama pale sare yake imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, lakini chini ya kofia hamna uso, ni ngozi laini tu kama yai. Kitambulisho, anasema. Mkawasi anajipapasa, hana. Mimi ndiye niliyeamuru vizuizi hivi viwekwe, anasema. Basi unajua, anajibu askari, kwamba mwenye hofu hujenga ukuta, na ukuta ukishakua humuuliza mwenye nyumba ametoka wapi. Haya, nifuate.

Wanatembea, na barabara inajikunja, kila wakidhani wamefika wanajikuta walikotoka, hadi wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo. Mkawasi anautambua polepole. Ni mtaa wa Machimboni, kule wanakochonga mawe, ambako alfajiri moja alipeleka malori yakazoa kila kijana wa kiume aliyekutwa nje au ndani. Kila kioo anachokipita kinamwonyesha yeye mwenyewe amechuchumaa, mikono kisogoni, kama walivyochuchumalishwa wale vijana. Anageuza macho, kioo cha pili kinamngoja. Tazama kule, anamwambia askari anayemwongoza, maana aibu imeanza kumpanda naye anatafuta pa kushika. Kule pana soko, watu wanachagua nyanya, watoto wanalilia miwa. Soko lile lilikuwa lilipuliwe, anasema, tuliipiga kambi ya walipuaji ng'ambo ya mpaka tukalinusuru. Si kweli? Ni kweli, anasema asiye na uso. Moto umeuzima. Sasa niambie, aliyekuonyesha moshi ni nani?

Hapo mlango unafunguka kidogo ndani ya kioo, na anayechungulia ni Dahabo, mama muuza maziwa. Mkawasi anamfahamu. Ndiye aliyekwenda mwenyewe kituoni, kabla ya msako, kusema kwamba machimboni wamelala wageni wenye mizigo wasiyotaka iguswe, na wageni wale walipokamatwa ndio walioitaja ile kambi. Karibu mama, anasema Dahabo, ila usiingie. Habari za hapa? anauliza Mkawasi. Nzuri, anasema Dahabo, mwanangu Guyo alibebwa na lori. Walimrudisha. Mkono haunyooki, naye hasemi nami, anasema ni mimi niliyewaita askari. Mkawasi anataka kusema pole, linatoka neno jingine, tulikuwa tunawalinda. Najua, anasema Dahabo bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kunakomchoma Mkawasi hadi anainamisha kichwa. Wageni wamerudi, mama, anaendelea Dahabo, wengine. Nimewaona juzi wakipita na mizigo yao. Nikafunga mlango nikalala. Umemwambia nani? anauliza Mkawasi. Nimwambie nani, anasema Dahabo, na mlango unarudi kuwa kioo, na ndani yake Mkawasi bado amechuchumaa. Nitarudije, anamuuliza askari. Njia anaijua aliyeiziba, anajibu, na sauti yake inakwenda mbali, mbali.

Anashtuka kitini, shingo imekakamaa. Ukumbi ni ule ule, au unafanana nao. Anatoa simu, anatafuta jina la Dahabo, anapiga. Inaita sana. Nani? Ni Mkawasi, mama, wa wizarani, nilitaka kukuuliza. Sijaona mtu, anasema Dahabo kabla ya kuulizwa. Hapa hatujaona mtu. Simu inakatika. Waheshimiwa wanakungoja, anaita karani wa kamati mlangoni, na Mkawasi anaingia. Mwenyekiti anamuuliza kama nchi iko salama kuliko zamani. Lile jibu alilolikariri analikumbuka neno kwa neno, na kulikumbuka tu kunamtia haya. Hapana, mheshimiwa, anasema. Waliokuwa macho yetu tumewafumba wenyewe, na wageni wako machimboni sasa hivi. Habari hizo umezipata wapi, anauliza mwenyekiti. Mkawasi anafungua kinywa. Hawezi kusema kwamba ameota, wala hawezi kusema kwamba hakuota.